Motokari za Korea: bei ni ndogo, lakini nani analipa kisha?

Mu nyumba mingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi mazungumuzo ni ile ile. Baba amepata dekonti finali, ao prime ya miaka yake ya kazi, na feza iko pale mezani. Mama anasema tununue parseli. Mutoto mukubwa anasema hapana, tununue motokari, tuiweke ku taksi, kila jioni itaingiza kitu. Wazee wenye waliondoka Gécamines mu mwaka 2003, wakati watumikaji zaidi ya 10,000 walichukua feza ya kuondoka kwa mapenzi yao, wanajua vile mazungumuzo hayo yanaishaka.

Leo ile motokari yenye mutoto anaonyesha ku simu yake, mara mingi ni ya Korea ya Kusini: Hyundai ao Kia, na hizo mbili ni jamaa moja, juu Hyundai ilinunua Kia mu mwaka 1998. Sababu inajulikana. Bei iko chini, na volani iko kushoto. Wakorea wanatembea kuume ya barabara sawa sisi. Motokari ya Japani yenye kuingia kwa Kasumbalesa iko na volani kuume, na kila mutu mwenye amekwisha kupita kamyo ku barabara ya Likasi na volani ya namna ile anajua: ni mutu wa kando ndiye anatoa kichwa, anatazama mbele na kusema «pita». Ukimuamini, unapita.

Basi tulijiuliza: watu wenye walitutangulia kununua hizi motokari, waliona nini? Jibu ya wazi zaidi iko Marekani. Si juu Wamarekani wanajua motokari kutupita. Ni juu kule mwenye motokari akilalamika, malalamiko yake inaandikwa, inafika kwa serikali na kwa tribinali, na kisha kila mutu anaweza kuisoma.

Hyundai iliingia Marekani mu mwaka 1986 na motokari moja ndogo, Excel, kwa dola 4,995. Motokari mingi mupya za kule ziliuzishwa mara mbili ya bei ile. Wanafunzi, vijana wenye kuanza kazi, familia zenye hazikupata kununua kitu kipya hata siku moja, wote walikimbilia pale. Mu mwaka ule wa kwanza ziliuzishwa karibu 169,000. Kampuni yenyewe ilikuwa ingali changa: Chung Ju-yung, mutoto wa mulimaji, aliianzisha mu 1967, na motokari yake ya kwanza yenye jina lake mwenyewe, Pony, ilitoka mu mwaka 1975 tu.

Kisha miaka ikapita, na wenye Excel wakaanza kuona. Kutu. Motere zenye kuchoka mbele ya wakati. Bwate ya vitesi yenye kukataa. Na jambo lenye kuuma kupita yote: siku unataka kuiuzisha, hakuna mutu anaitaka. Jina Hyundai likawa kichekesho ku televizyo. Mu mwaka 1998 kampuni iliuzisha Marekani karibu motokari 90,000 tu, wakati mbele ilikuwa imevuka 260,000. Mutu mwenye alilipa dola 4,995 hakulipa dola 4,995. Alilipa ile, akaongeza kila fakture ya garaje, akaongeza na hasara ya siku ya kuuzisha. Ile bei ya pili haikuandikwa ku matangazo.

Hapa ndipo jambo linabadilika, na tunataka musomaji atulie kidogo. Mwisho wa 1998 Hyundai ilitangaza kwa Wamarekani garanti ya miaka 10 ao maili 100,000, ni kusema karibu kilomita 160,000, kwa motere na bwate ya vitesi. Kampuni ingine mingi zilitoa garanti fupi kupita ile. Watu mingi walisema Wakorea wamepata wazimu. Lakini mutazame vizuri kitu garanti inafanya. Mbele yake, pane ya motokari ilikuwa mambo ya mwenye motokari. Kisha garanti, pane ikawa mambo ya kampuni. Kama motere inakufa mu mwaka wa nane, ni kampuni inalipa. Sasa kiongozi wa uzine iko na sababu ya feza ya kukataa piesi mbaya. Chung Mong-koo, mutoto wa mwanzilishi, ndiye alishika kampuni mu miaka ile na kukaza mambo ya ubora, na mu mwaka 2004, mu uchunguzi wa J.D. Power wenye kuuliza wenye motokari mupya matatizo yao, Hyundai ilifika sawasawa na Honda. Leo jamaa ya Hyundai na Kia ni ya tatu mu dunia muzima kwa hesabu ya motokari, zaidi ya milioni 7 kwa mwaka.

Lakini mu karatasi ile ya garanti muko maneno madogo. Miaka 10 ni kwa mwenye kununua wa kwanza. Ukinunua okazioni, wewe mununuzi wa pili, unabaki na miaka 5 ao maili 60,000, kuhesabu tangu siku motokari ilianza kutembea, hapana tangu siku yako wewe. Na ni garanti ya inchi ile. Haivuke bahari pamoja na motokari.

Sisi hapa ni mununuzi wa tatu, wa ine. Tuishike ile mu kichwa.

Hadisi ya pili ni ya motere yenye kuitwa Theta II, ya lita 2.0 na 2.4. Iliwekwa mu Hyundai Sonata na Santa Fe, na mu Kia Optima, Sorento na Sportage. Mu Septemba 2015 Hyundai iliita motokari karibu 470,000 zirudi garaje kule Marekani, Sonata za 2011 na 2012. Sababu: wakati wa kutoboa na kukata vilebrekeni ku uzine, vipande vidogo vya chuma vilibakia ndani. Vinaziba njia ya mafuta, kusine inakauka, inaungua, motere inaanza kugonga, na siku moja inasimama mu barabara kubwa, wakati motokari iko mbio. Zingine ziliwaka moto. Mekanisie yeyote wa karieri hana lazima tumufasirie zaidi: anajua kitu chuma kidogo mu mafuta inafanyia motere ya kamyo kubwa.

Wenye motokari walipatwa na mambo mawili. Wa kwanza walipeleka motokari garaje na wakajibiwa: wewe haukufanya vidanje, leta fakture. Mwenye alikuwa nazo zote, alisikilizwa. Mwenye alifanyia vidanje nyumbani, kwa mikono yake, alibakia kubishana. Kisha mu Korea kwenyewe mutumikaji mumoja, injenieri Kim Gwang-ho, mwenye alikuwa amekaa Hyundai zaidi ya miaka 20, mu 2016 alitoa karatasi za ndani kuonyesha kama kampuni ilijua na haikuita motokari zote zenye ilipashwa kuita. Alifukuzwa kazi. Mu Novemba 2020 serikali ya Marekani ikapitisha juu ya Hyundai na Kia azabu na malipo ya jumla ya dola milioni 210, na mwaka uliofuata Kim akapewa zaidi ya dola milioni 24 sawa zawabu ya kusema kweli. Mu hesabu ile ile tribinali ilifanya kampuni zikubali garanti ya maisha muzima kwa sehemu ya chini ya motere, na mara hii mununuzi wa pili pia akaingizwa. Haikukuja kwa huruma. Ilikuja kwa mashitaka ya maelfu ya watu wenye waliungana.

Tunaongeza jambo lingine, fupi lakini lenye kufunguza macho. Kwa miaka karibu 10, motokari mingi za Hyundai na Kia za bei ndogo ziliuzishwa Marekani bila kile kidude cha elektroniki chenye kukataza motere kuwaka kama lufungula haiko ya yenyewe. Kuanzia 2021, vijana, kwanza mu muji wa Milwaukee, walionyeshana ku simu namna ya kuivunja na kuiwasha na kichwa cha waya wa USB. Ziliibiwa kwa wingi, na mu miji mingine asiranse zikakataa kuandikisha ile motokari. Mu 2023 kampuni zikakubali kutoa karibu dola milioni 200 kwa wenye waliibiwa, na kutengeneza kompyuta ya motokari zaidi ya milioni 8. Sasa vuka mupaka, ingia Kanada: motokari ile ile, kidude kimo ndani. Juu ya nini? Juu Kanada ilikuwa na sheria yenye kukilazimisha tangu mwaka 2007. Uzine ni ile ile, injenieri ni wale wale. Kwenye sheria ilikosekana, waliondoa kitu cha bei ya dola chache, na mwenye motokari akalipa na motokari yake muzima.

Tungekuwa wajinga kuacha batri, juu mule ndani muko kazi yetu. Mu Februari 2021 Hyundai iliita motokari za umeme karibu 82,000 mu dunia, zaidi Kona, kwa sababu batri zenye kutoka kwa LG ziliweza kuwaka moto. Kubadilisha zile batri kulihesabiwa karibu trilioni moja ya won, feza ya Korea, ni kusema karibu dola milioni 900, na kampuni mbili zikagawana. Ku kungojea, mwenye Kona aliambiwa asijaze batri kupita asilimia 90. Zile batri ni za nikeli, manganezi na kobalti, na kobalti zaidi ya nusu ya dunia inatoka mu udongo wetu. Lakini wakati wanatafuta motokari ya umeme ya bei ndogo kabisa, Wakorea wanashika njia ingine: Kia Ray ya umeme, yenye ilitoka Korea mu 2023, iko na batri ya chuma na fosfati ya kampuni ya Kichina CATL. Kobalti hakuna mule hata gramu. Mutu wa Seoul anafurahi kulipa kidogo. Mutumikaji wa Kolwezi, mwenye aliona serikali yetu inasimamisha kobalti kutoka inchi mu Februari 2025 sababu bei ilianguka, anajua kama ile furaha inamugusa na yeye.

Turudi basi kwa ile meza ya baba na mama, na simu ya mutoto.

Hatusemi musinunue. Motokari hizi hazifanane tena na Excel ya 1986, na kwa volani peke yake tunazipenda. Tunasema: kule Marekani, nyuma ya bei ndogo mulikuwa garanti, sheria na tribinali, na hata vile watu walihangaika miaka. Hapa, ku parking ya okazioni, nyuma ya bei ndogo muko baba peke yake na dekonti yake. Kwa hiyo hesabu yake ipashwe kuwa ingine. Kama feza yote inaingia mu kununua, motokari ile haiko ya bei ndogo kwake, hata muuzishaji akipunguza namna gani. Kwa maoni yetu, mutu asiyeweza kuacha kando robo ya feza kwa motere ya kubadilisha, afazali amusikilize mama.

Na mwenye ameamua, atazame hivi. Ku shasi kuko namba ya herufi na tarakimu 17. Kama motokari ilitoka Marekani, serikali ya kule inaacha kila mutu atie namba ile ku intaneti bila kulipa, na inaonekana kama iliitwa irudi na haikutengenezwa. Kama ilitoka Korea, sheria ya Korea inalazimisha muuzishaji wa okazioni amupe mununuzi karatasi ya ukaguzi, yenye kilomita na ajali ndani. Uliza ile karatasi. Imeandikwa Kikorea, lakini tarakimu ni zetu sote, na simu ya mutoto itatafsiri yenye kubakia. Kilomita ya karatasi ikipita kilomita ya dashibodi, funga mazungumuzo pale.

Kama ni Sonata, Santa Fe, Optima, Sorento ao Sportage ya petroli, uliza motere ni gani, na uende na mekanisie wako, hapana wa muuzishaji. Fika asubuhi, mbele jua halijapanda, weka mukono ku kapo. Motere ya kusine mbaya inaweza kugonga ku kuwaka ikiwa baridi. Ukikuta kapo iko tayari moto, ni kusema mutu aliiwasha mbele yako. Rudi kesho, bila kutoa habari.