Mwacheni Apande Mpera

Mtoto wa miaka mitano akipanda mpera huwa hapandi ovyo. Hulitikisa tawi kwa mkono, huweka unyayo mmoja, husikilizia kama linalia, ndipo huhamishia uzito wote. Mpapai hata haugusi. Alishajua kuwa shina lake ni laini. Mara dirishani hutoka sauti: "Shuka! Utavunjika mguu!" Mtoto hushtuka, hugeuza shingo, na hapo ndipo anapokaribia kuanguka kweli.

Mijini imejengeka imani kwamba mzazi bora ni yule ambaye mwanawe hana kovu. Goti likichubuka, dada wa kazi ndiye hujieleza. Vituo vya kulelea watoto navyo vimeusoma upepo huo: sakafu ya saruji, katuni ukutani, bembea moja ya watoto arobaini, na mwalimu ambaye neno lake kuu ni "tulia". Mtoto aliyetulia kutwa nzima huitwa mwenye adabu.

Imani hiyo ni potofu, tena ina gharama.

Mwaka 2007 mtafiti wa Norway, Ellen Beate Hansen Sandseter, aliigawa michezo yenye hatari katika mafungu sita: kwenda juu, kwenda kasi, kutumia zana kali, kucheza karibu na maji au moto, kupigana mieleka, na kujipoteza mbali na macho ya wakubwa. Aliyekulia uswahilini hahitaji nauli ya Norway kuyaelewa hayo. Ni mwembe, ni ringi inayosukumwa mteremkoni, ni kisu cha kumenyea muhogo, ni kombolela magharibi inapoingia. Pale Forodhani, Unguja, maji yakijaa, wakubwa hujitupa baharini kwa sarakasi. Mdogo wao husimama ukingoni, hurudi nyuma, husogea tena. Kule kusogea na kurudi ndiko kujifunza kwenyewe. Hakuna mwalimu awezaye kumpimia mtoto kiasi cha woga anachokimudu siku hiyo.

Mwaka 2011 Sandseter na mwenzake Leif Kennair walieleza kuwa mtoto anayekutana na hofu kidogo kidogo huipunguza makali, kwa njia inayofanana na ile ya wataalamu wanaotibu hofu za watu wazima. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti waliowafuatilia watoto tangu kuzaliwa waliona jambo lililopindua matarajio: vijana ambao hawakuogopa urefu walipofika miaka 18 ndio waliokuwa wameanguka na kuumia zaidi kati ya miaka 5 na 9. Haina maana kwamba watoto waangushwe. Lakini kuanguka hakukuwaachia ile hofu ambayo wazazi huitabiri.

Wapo watakaosema kuwa mguu uliovunjika ni bili ya hospitali na ni mwezi na zaidi wa plasta. Ni kweli. Ila tazama yule yule aliyepiga kelele dirishani. Kesho asubuhi anawapakia watoto watatu kwenye bodaboda moja, vichwa wazi, wakipita katikati ya malori. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa chini ya miaka 5. Mpera haumo katika hesabu hizo.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Hapo hata mtetezi wa michezo ya hatari atasita, maana wembe kwa mtoto wa miaka mitatu si mchezo. Hatari ni za namna mbili. Ipo anayoiona na kuipima mwenyewe, kama tawi; na ipo asiyoweza kuijua, kama kisima kisicho na mfuniko, waya wa umeme uliochunika, au tawi lililooza kwa ndani. Ya pili ni kazi ya mkubwa kuiondoa. Chama cha madaktari wa watoto wa Kanada, watu wanaowatibu watoto walioumia, kilitoa tamko Januari 2024 kikitaka watoto wapewe nafasi ya hiyo ya kwanza.

Basi mwenye kituo anayepanga kukata mpera uani kabla ya kufungua mwaka mpya, afunike kisima, ang'oe misumari, aikague miti yake. Mpera aubakize.