Mafuta Yanavuka Malaba Bila Stress, Mbona Doo Yako Inakwama Kwa Pampu?

Wasee wa Nax Vegas, leo tuongee kuhusu kitu hakuna mtu huandika kwa WhatsApp group ya road trip.

Picha ni hii. Mko watu sita kwa van. Mmetoa viti vya nyuma, mkaweka godoro, meko ndogo ya gesi na speaker. Mnaenda Jinja, Nyege Nyege, ile festival imekuwa ikivuta Wakenya tangu 2015. Mmetoka Nakuru alfajiri, mkapita Salgaa, mkapanda Timboroa, mkashuka Eldoret hadi Webuye, na mchana mmevuka Malaba. Karatasi ziko sawa, stamp iko. Mkikaribia Iganga taa ya mafuta inawaka. Mnaingia petrol station, dereva anasema kwa roho safi, "Jaza tanki." Kijana wa pampu anajaza. Dereva anachomoa simu na kuuliza vile amezoea kuuliza pale Section 58: "Till number ni gani?"

Kijana anamwangalia tu. Yeye ana MoMo Pay ya MTN. Anashika pia cash, lakini ya Uganda. Na tanki imeshajaa, huwezi kumrudishia.

Hapo ndipo utajua ya kwamba wewe ni mgeni. Kule immigration ulionyesha ID ukapita, lakini kwa pampu ndio mpaka wenyewe uko.

Tumezoea vibaya

Tusidanganyane, sisi Wakenya tumedekezwa. M-Pesa ilianza Machi 2007, na leo kijana wa miaka kumi na nane hajawahi kuona maisha bila hiyo kitu. Unaingia petrol station na simu tu, unasema "weka ya thao," unatuma, message inaingia, unaenda. Wallet ilibaki kwa droo kitambo.

Shida ni kwamba tumeanza kufikiria hiyo ni sheria ya dunia. Siyo. Till ya Safaricom ni ya Kenya, chini ya leseni ya Kenya. Uganda wako na MTN MoMo na Airtel Money. Tanzania wako na Lipa Namba yao. Hata ile M-Pesa ya Vodacom kule Tanzania, jina ni moja, lakini wallet yako ya Nakuru siyo wallet ya Arusha.

Ni kweli unaweza kutuma pesa kutoka M-Pesa yako hadi laini ya MTN Uganda kupitia M-Pesa Global. Hiyo inasaidia sana. Lakini huko ni kutumia mtu pesa, na kuna ada, na kuna rate ambayo hukuichagua. Ile kadi ya GlobalPay nayo iliingia 2022, ni kadi ya ndani ya simu. Ilitengenezwa kulipia vitu mtandaoni. Huwezi kumpa kijana wa pampu aidunge kwa mashine, kwa sababu hakuna plastiki ya kudunga.

Mafuta yenyewe yalipita kwako

Sasa hii ndio sehemu inaniuma. Hapa Nakuru kuna depo ya Kenya Pipeline. Bomba linatoka Mombasa, linapita Nairobi, linafika hapa, halafu linaendelea Eldoret na Kisumu. Kule ndiko malori yanapakia mafuta ya Uganda. Zile tanki ndefu hukufanya upige foleni nyuma yake pale Mau Summit, nyingi zinaelekea Malaba na Busia.

Kwa hivyo lita unayonunua Iganga, kuna uwezekano mkubwa ilipita chini ya ardhi karibu na kwenu kabla ikufikie. Mafuta hayo yalivuka mpaka bila kulipia ushuru wa Kenya, kwa sababu ni mzigo wa transit. Ushuru yanalipia kule. Yana karatasi, yana njia, yana watu wa kuyapigania.

Na yanapiganiwa kweli. Kenya ilipoingia kwa ile deal ya serikali kwa serikali na kampuni za Saudi Arabia na UAE mwaka wa 2023, Uganda ilisema haitaki kununua kupitia madalali wa Kenya. Ikachagua kampuni yake ya taifa, UNOC, iagize yenyewe kupitia Vitol. Kenya ikachelewesha leseni, Uganda ikaenda korti ya Afrika Mashariki kule Arusha mwishoni mwa 2023. Marais wakakutana, mawaziri wakakutana, na 2024 mambo yakasuluhishwa. UNOC sasa inaleta mafuta yake.

Angalia hiyo speed. Wakubwa wakikwama na meli ya mafuta, miezi michache tu solution iko mezani. Wewe ukikwama na tanki moja Iganga, nani anakuitia mkutano?

Shilingi tatu, ahadi moja

Kuna ahadi tulipewa, tusiisahau. Novemba 2013, marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia sahihi mkataba wa sarafu moja wakiwa Kampala. Target ilikuwa 2024. Mwaka ukafika, ukapita, na sasa wanasema 2031. Ukiwa na miaka ishirini leo, utakuwa unakaribia thelathini kabla ulipe mafuta Jinja na noti ile ile unatumia Njoro. Hiyo ni kama hawatasukuma tena mbele.

Na usiseme haiwezekani, kwa sababu kuna kitu kimoja waliweza. Karibu 2014 na 2015, Kenya, Uganda, Rwanda na South Sudan walikubaliana bei ya kupiga simu kati yao ishuke. Mitandao ilijaribu kulia lakini ilikubali. Kama sauti yako inaweza kuvuka Malaba kwa bei ya kuridhisha, mbona soo tano yako isivuke? Teknolojia iko. Kinachokosekana ni mtu wa kusukuma.

Nani analipa hiyo gharama?

Hapa sasa tufanye hesabu kidogo, na hizi ni namba za mfano tu. Sema petroli Uganda ni shilingi 5,000 za huko kwa lita, na van inakula lita 50. Hiyo ni 250,000. Ukipata rate ya 28 kwa kila shilingi ya Kenya, unatoa kama Ksh 8,930. Lakini ukifika mpakani umechoka, unauziwa kwa 26 na yule msee mwenye bunda la noti mkononi, unatoa kama Ksh 9,615. Karibu Ksh 690 imeenda, na hujapata hata tone moja la ziada. Ukijaza mara mbili, ni karibu thao na soo nne.

Kwa watu sita wa festival, hiyo ni story ya kucheka mkirudi. Lakini fikiria kijana wa Free Area mwenye Probox anaenda Mbale kuchukua mzigo kila wiki. Lori la kampuni kubwa mara nyingi lina kadi ya mafuta, ama ofisi inalipia. Yeye hana ofisi. Yeye ndiye dereva, ndiye boss, ndiye accountant. Kila akivuka anakatwa na rate, anakatwa na ada ya kutuma, na mwisho wa mwezi anashangaa faida ilienda wapi. Ilibaki kwa pampu.

Tena bei yenyewe haifanyi kazi vile umezoea. Hapa kwetu EPRA hutangaza bei ya juu kabisa tarehe 14 kila mwezi, na kila mji una yake. Ndio tulijua Oktoba 2023 kwamba petroli Nairobi imegonga Ksh 217.36, tukalia pamoja. Tanzania nao wana EWURA, inatangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Uganda hakuna kitu kama hicho. Soko liko huru, kila kituo kinaweka bei yake. Kwa hivyo ukiona bei kwa kituo cha kwanza baada ya mpaka, usidhani ndiyo bei ya nchi. Songa mbele kidogo, linganisha.

Na soko huru lina upande wake mbaya. Januari 2022 madereva wa malori waligoma Malaba na Busia kwa sababu ya kulipishwa vipimo vya Covid. Foleni ikawa ya kilomita na kilomita. Uganda ikakauka, na waliokuwa na mafuta wakapandisha bei vile wanataka. Miezi mitatu baadaye ikawa zamu yetu. Aprili 2022 Kenya ilikuwa na foleni za petroli kila mahali, kampuni za mafuta zikisema serikali haijalipa pesa za subsidy.

Hata mzungu wa gari-nyumba analia

Usifikirie ni wewe tu. Umeona zile lori kubwa za kulala ndani, na namba za Ujerumani ama Uholanzi, zimeegeshwa kambi za Njoro na Naivasha? Hao watu wamevuka nchi kumi na kitu na kadi ya benki. Wakifika kituo kidogo huku ndani, mashine ya kadi iko lakini "network iko chini." Cash yao ni ya dola. Kijana wa pampu anataka M-Pesa. Wale wajanja hununua laini siku ya kwanza, wanaisajili na pasipoti, wanafungua M-Pesa, wanakuwa Wakenya kwa simu.

Huo ujanja wao ndio na wewe unafaa kuiga ukivuka. Kuwa mtu wa hapo kabla uhitaji mafuta.

Sasa ufanyeje?

Jaza Kenya kabla ya mpaka, Eldoret ama Bungoma. Kupanda Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, kutakuwa kumekunywa mafuta yako, na van iliyobeba watu sita haina huruma. Ukivuka na tanki imejaa, unafika Jinja bila kubembeleza mtu.

Badilisha pesa kidogo ya mafuta mapema, na ujue rate ya siku hiyo kabla uongee na mtu yeyote mpakani. Ukiuliza "unanunua aje?" ukiwa hujui, tayari umeshapoteza.

Beba njia mbili za kulipa. Cash ya huko, na kadi halisi ya benki. Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi ya Kenya ama ya Uganda, chagua ya Uganda. Ile ya Kenya inakaa tamu kwa sababu unaielewa, lakini rate yake huwa ni ya kukunyonga. Na kama una beshte kule mwenye laini ya MTN, mtumie kupitia M-Pesa Global ukiwa bado Kenya, alipe akiwa na nyinyi.

Uliza kabla ya kujaza. "Mnachukua nini?" Maneno mawili tu. Halafu angalia mita ianze sufuri.

Ukienda upande wa Tanzania, dola zako ziache. Tangu Machi 2025 sheria yao inakataza kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa pesa za kigeni. Ukitaka wese, toa shilingi yao.

Na pesa zikikuishia kabisa, tafadhali, usinunue mafuta ya mtungi kando ya barabara ati ni ya bei poa. Watu wa huku Rift hatuhitaji kukumbushwa mara mbili. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, hapa tu karibu na Molo. Watu walikimbia kuchota. Moto ukawaka, na zaidi ya mia moja wakafa. Mafuta rahisi yana deni yake.

Neno la mwisho

Wanasiasa wakija Nakuru kuomba kura 2027, wataongea kuhusu barabara, stadium na pesa za vijana. Waulize hili pia: mbona bomba linapita chini ya mji wetu kupeleka mafuta Uganda, na kijana wa mji huu hawezi kulipia lita kumi za mafuta hayo akiwa upande ule bila kukatwa mara tatu?

Wakikujibu na "Jumuiya ya Afrika Mashariki," waambie wewe umefika huko. Ulikuwa kwa pampu Iganga, tanki imejaa, simu mkononi, M-Pesa iko na doo, na hakuna mtu alikuwa na haja nayo.