Hiyo Deki Ilimshinda Nani?

Nimechoka na klipu za "deki ya kushinda 9 kati ya 10". Nimechoka kabisa. Kila nikifungua simu kuna msee ameweka kadi nane za Clash Royale kwenye skrini, mshale mwekundu, muziki juu, na maneno "nakili haraka kabla hawajaipunguza nguvu". Alafu chini kwenye maoni vijana wa hapa Kakamega, wengine nawajua kwa sura, wamejaza "asante mkuu, nimenakili". Wiki ijayo hao hao wanaulizana deki mpya ni gani.

Kabla mnirukie, sisemi deki haijalishi. Inajalisha sana. Ninachosema ni kwamba matokeo mnayoonyeshwa si ushahidi wa kitu, na hii tabia ya kubadilisha deki kila ukipigwa mechi tatu ndiyo imekuweka kwenye vikombe vile vile tangu mwaka jana.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo mnaibiwa. Chukua deki ya kawaida tu, ya nusu kwa nusu, haina uchawi wowote. Cheza mechi 10. Uwezekano wa kushinda 7 au zaidi ni 176 kati ya 1024, yaani asilimia 17 hivi. Ni kama kurusha shilingi kumi hewani mara kumi. Sasa weka watengeneza klipu 30, kila mmoja ajaribu deki hiyo hiyo mechi 10. Watano hivi watashinda 7 na kuendelea bila sababu yoyote. Hao watano wataweka klipu. Wale wengine 25 watafuta rekodi walale. Wewe utaona watano, wote wanasifu deki moja, na utasema "kumbe watu wengi wamethibitisha". Hawajathibitisha kitu bana. Umeonyeshwa upande mmoja wa sarafu.

Na ile 9 kati ya 10? Kwa deki ya nusu kwa nusu inatokea mara 11 kati ya 1024, karibu mara moja kila seti 93. Inasikika kama ni nadra. Lakini mtu anayeshinda kwenye mchezo kutwa nzima, seti kumi kwa siku, ataipata ndani ya siku kumi hivi kwa bahati tupu. Ataikata vizuri, ataweka mshale mwekundu. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na kuna watu hufurahia kunikumbusha kwenye maoni, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Chukua sarafu, kaa chini, rusha.

Hata mechi 100 hazitoshi vile mnadhani. Deki ya nusu kwa nusu inaweza kukupa 57 leo na 44 wiki ijayo na hakuna kitu kimebadilika, si wewe, si deki, si mchezo.

Sasa njoo Ikolomani. Siku ya ng'ombe Malinya, fahali akishinda, isukuti inalia, vijana wanakimbia naye wakiimba, simu zote juu. Lakini simama karibu na wazee pale kando usikie wanachouliza. Hawaulizi ameshinda mara ngapi. Wanauliza, "Alimshinda nani?" Maana fahali anaweza kushinda mara tano kwa kupelekewa ndama watano. Hilo swali moja linaua nusu ya klipu zenu.

Uliza basi. Hiyo deki ilimshinda nani? Clash Royale hukupatanisha na mtu mwenye vikombe karibu sawa na vyako. Ukishinda unapanda, unakutana na mgumu zaidi. Ukishindwa unashuka, unakutana na mwepesi. Kwa hivyo mtu yeyote aliyefika mahali pake halisi atakuwa anashinda karibu nusu, awe bingwa awe mtoto wa darasa la saba. Ukiona mtu anashinda 9 kati ya 10 kwa siku nyingi mfululizo, swali la kwanza ni kwa nini yuko chini hivyo. Mara nyingi jibu liko kwenye kona ya kadi zake: levo. Kila levo moja huongeza nguvu na uhai wa kadi kwa karibu asilimia 10. Akikuzidi levo tatu, hiyo ni theluthi nzima juu yako kabla hamjaanza. Log huua Princess mkiwa levo sawa. Princess akimzidi Log levo kadhaa, anabaki amesimama anakurushia mishale ya moto, na wewe unalaumu deki.

Yule wa klipu ana akaunti imejaa. Wewe unanakili kadi zile zile nane, zako zikiwa levo za chini, unapigwa, unarudi kumuuliza akupe nyingine. Naye anayo nyingine, kila Jumatatu.

Nadhani ugonjwa huu tumeubeba kutoka kwa kadi ya mtaani. Kwenye kadi ya kawaida, ile ya kuchapa Joka mtu aokote tano, ile ya "niko kadi", pakiti ni moja na unapewa za kwako ukiwa hujui. Ukipoteza una haki ya kumwangalia aliyegawa na kusema umenipea takataka. Huko bahati ni sehemu ya mchezo, na utani wake ni mtamu. Lakini Clash Royale, tangu Supercell ya Finland iutoe kwa dunia nzima Machi 2016, kadi nane unachagua mwenyewe, umekaa, umetulia, hakuna anayekuharakisha. Na bado ukipoteza unaongea kama umegawiwa vibaya.

Kuna wale watasema mabingwa hubadilisha deki. Ni kweli, na hapa nakubali bila kinyongo. Kwenye vita vya koo kila mtu anahitaji deki nne ambazo hazirudii kadi hata moja, kadi 32 kwa jumla. Mabingwa wa dunia kama Mohamed Light wa Misri hawajui deki moja tu. Lakini hao hubadilisha kutoka kwa deki wanayoijua hadi nyingine wanayoijua. Wewe unabadilisha kutoka kwa usiyoijua hadi usiyoijua. Hayo mambo mawili hayafanani hata kidogo. Na ndiyo, zile takwimu za RoyaleAPI ni za mechi nyingi sana, si za seti ya kumi, mimi mwenyewe huzisoma. Ila kumbuka hiyo ni hesabu ya wote wanaoicheza deki ile, na deki ngumu huchezwa zaidi na waliokaa nayo miaka. Asilimia yao haihami kuja kwako ukibofya "nakili".

Kukaa na deki kunafanya nini hasa? Chukua Hog 2.6, deki ya kitambo, kila mtu anaijua: Hog Rider, Musketeer, Cannon, Fireball, Ice Golem, Log, Ice Spirit, Skeletons. Wastani wa bei ni 2.6, ndiyo maana ya jina. Ukishatuma Hog, lazima utumie kadi nyingine nne ndiyo arudi mkononi. Zile nne za bei ya chini ni 1, 1, 2 na 2, jumla 6. Eliksiri hujaa moja kila sekunde 2.8 mwanzoni mwa mechi, kwa hivyo 6 ni sekunde 17 hivi. Ukiongeza 4 za Hog mwenyewe, mzunguko mzima ni 10, sekunde 28. Mpinzani ametumia Cannon kuzuia Hog wako. Cannon yake nayo lazima ipitiwe na kadi nne. Deki yake ikiwa nzito, Hog wako wa pili atafika mnarani kabla Cannon haijarudi. Ni hapo tu ndipo mechi inashindwa, kwenye hilo pengo la sekunde chache, na huwezi kuliona kama bado unatafuta kwa macho Log iko kona gani ya mkono wako. Mtu wa mechi 500 na deki hii hahesabu. Kidole kinajua. Mtu wa mechi 12 amesikia tu kwamba ni deki kali.

Kwa hivyo ukipigwa, kabla ya kugusa deki, tazama marudio ya mechi. Andika mahali, hata nyuma ya daftari: alikuwa na nini cha kuvunjia mnara, alinizidi levo ngapi, mnara wangu ulianguka baada ya mimi kufanya nini. Fanya hivyo mechi 50. Ukigundua 20 kati ya ulizopoteza zilienda kwa aina moja ya deki, sawa, badilisha kadi moja. Moja. Ukigundua kwamba ulipoteza kwa kutuma Fireball kwa hasira ukabaki na eliksiri mbili, hakuna deki duniani itakutibu.

Hii si mambo ya mchezo tu, ndiyo maana nimekasirika. Mwezi uliopita mtu anayeuza akaunti alinipigia. Alitaka nitengeneze klipu nne za deki mpya, kila moja na kadi ambazo ni ngumu kupandisha, na chini niweke namba yake ya kununua akaunti iliyojaa. Pesa aliyonitajia ingenilipia nyumba Lurambi miezi miwili. Na aliniambia wazi, bila aibu, kwamba klipu hazihitaji kuwa za kweli, zinahitaji kumfanya mtu ajisikie yuko nyuma. Nilikataa. Lakini najua kuna waliokubali, maana klipu nimeziona, kadi ni zile zile na mpangilio ni ule ule alionisomea kwenye simu.

Fikiria anayenunua ni nani. Ni kijana wa bodaboda akingojea abiria mvua ya saa tisa ipite. Ni mwanafunzi aliyetumiwa pesa ya matumizi kwa M-Pesa. Anatoa mia tano hapa, elfu moja pale, kadi anazonunua zinapunguzwa nguvu kwenye mabadiliko yanayofuata, na aliyemuuzia ashahamia deki nyingine. Kibaya zaidi, akaunti ya kununua ni kinyume cha masharti ya Supercell, na inaweza kufungwa wakati wowote. Hapo hana wa kumlalamikia.

Nyinyi wenzangu mnaotengeneza klipu, siwaambii mwache. Nawaambia onyesheni zote. Weka mechi 100 za deki yako, za kushinda na za kupoteza, levo za pande zote zikionekana. Mimi naanza Jumamosi hii na Hog 2.6, mechi 10 kila jioni kwa siku kumi, bila kukata hata moja, pamoja na zile ambazo stima ya hapa Kakamega itanipotezea.