Divai nyekundu changa ikikausha kinywa, usikimbilie kuiuza



Leo naanza na kosa langu. Miaka mitatu iliyopita nilionja mchuzi wa zabibu nyekundu wa mama mmoja, miezi miwili tu baada ya mavuno. Ulikausha kinywa kama chai ya rangi iliyokolea. Nikamshauri auze upesi kabla haujaharibika. Akauza kwa bei ya chini, akabakiza chupa sita. Mwaka uliofuata alinifungulia moja, bila kunilaumu. Ilikuwa laini, na ladha ya tunda bado imejaa. Nilikosa la kusema.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni huu: ukakasi peke yake si ubovu. Unatokana na tanini, iliyo kwenye ganda na mbegu za zabibu. Tanini na uchachu ndivyo vinavyoilinda divai inapotunzwa, na ukakasi hulainika kadiri muda unavyokwenda. Kule Bordeaux, Ufaransa, wanunuzi huonja divai ikiwa bado kwenye mapipa, miezi michache tu baada ya mavuno. Hawatafuti ulaini. Wanaangalia kama ina nguvu ya kufika mbali.

Nawe unaweza kupima hivi:

1. Onja asubuhi, kabla ya joto, kwa glasi safi isiyo na rangi. Divai ikipata joto, kilevi hufunika ladha nyingine.

2. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Divai changa huwa na zambarau ukingoni. Ikiwa imeshaanza kuwa na rangi ya matofali, hewa imeingia. Usiiweke.

3. Nusa. Harufu ya matunda ni dalili njema. Harufu ya siki au ya rangi ya kucha ni kasoro, na muda hautaiponya.

4. Zungusha funda mdomoni, kisha tema. Ukakasi wa zabibu zilizoiva hushika ufizi, halafu huachia. Ule wa mbegu mbichi una uchungu. Sasa subiri kidogo: ladha ya tunda bado ipo? Kama tunda limepotea na umebaki ukakasi mtupu, hiyo ukiiweka itazidi kukauka.

5. Funga nusu chupa iliyobaki, onja tena kesho. Ikiwa bado nzuri, au imependeza zaidi, ina uwezo wa kutunzwa. Ikiwa imepoa ladha, iuze mapema.

Sisemi kila mtu atunze. Divai nyingi ni za kunywewa zikiwa changa, na ada za watoto hazisubiri. Tena kutunza kwenye dumu la plastiki lililojaa nusu ni kutengeneza siki. Chombo kijae hadi juu, kifungwe vizuri, kikae gizani penye ubaridi, na salfa iwekwe kwa kipimo. Huna mahali kama hapo? Uza. Unapo? Uza sehemu kubwa, bakiza kiasi cha kujifunzia.

Ila jambo moja nakataa kabisa: kuongeza sukari ili kumridhisha mnunuzi. Hamira iliyobaki itaamka, mchuzi utaanza kuchachuka upya, na hasara itakuwa yako.

Na mavuno yajayo, kabla ya kukata vichala, tafuna mbegu chache. Zikiwa za kijani na chungu, subiri. Zikiwa za kahawia na zinavunjika kwa urahisi, ukakasi wake utakuwa wa kulainika.

Kwa hiyo mnunuzi akikunja uso na kusema, "Hii kali," usishushe bei hapo hapo. Muulize: kali ya siki, au kali ya ukakasi? Akishindwa kujibu, onjeni tena pamoja.

Mwenye swali anakaribishwa ofisini, na aje na chupa ya sampuli.