Boti ya Kasi Ikodiwe, Isinunuliwe

KUTOKA NCHIRU
Na Mutwiri Kaimenyi

Magari ya miraa yakipita hapa Nchiru, Meru, kuelekea Nairobi hayamsubiri mtu. Miraa ikinyauka haina mnunuzi, kwa hiyo dereva analipwa kwa kufika mapema. Hakuna anayempa pikapu ile aende vitani.

Nalisema hili kwa sababu kila tunapozungumzia ulinzi wa Pwani hakosi mtu wa kututajia boti za kasi zinazopasua mawimbi. Kampuni ya Incat ya Hobart, Tasmania, ndiyo iliyozipa umaarufu: miili miwili myembamba ya alumini, yenye omo kali zinazolichana wimbi badala ya kulipanda. Mwaka 1999 Australia ilikodi mojawapo, ya mita 86, ikaiita HMAS Jervis Bay na kuituma kuvusha askari na vifaa kutoka Darwin hadi Dili, Timor Mashariki. Ilikuwa feri ya abiria na magari tu. Wamarekani wakaitamani, nao wakakodi HSV-2 Swift, ya mita 98, iliyoweza kukata maili zaidi ya 40 za baharini kwa saa.

Swift hiyo baadaye ikaangukia mikononi mwa Falme za Kiarabu. Tarehe 1 Oktoba 2016, karibu na Mokha, Yemen, kombora la Wahuthi likaipata. Picha zake zinatisha: omo imetoboka, alumini imeungua na kujikunja. Mbio zake zote hazikuisaidia kitu, maana hakuna boti inayolikimbia kombora.

Sasa tuje kwetu. Meli yetu ya KNS Jasiri iliagizwa Uhispania mwaka 2003, ikatia nanga Mombasa mwaka 2012, huku kashfa ya Anglo Leasing ikiinukia kama mafuta ya taa. Mtu akiniambia tununue nyingine, nashika mfuko.

Lakini kukodi feri ya kasi kwa ajili ya Lamu, hilo naliunga mkono. Kutoka Mombasa ni yapata maili 130 za baharini, safari ya saa tatu au nne. Barabarani, Al-Shabaab wametega mabomu na kushambulia magari mara nyingi, hadi mabasi yakalazimika kusindikizwa na polisi. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Chombo kimoja kingebeba askari na shehena zao wiki hii, wagonjwa na wafanyabiashara wiki ijayo. Abiria wa kulipa nauli hawatakosekana. Azam wanavusha watu kati ya Dar na Unguja kila siku, tena kwa boti ambazo baadhi yake ziliundwa Hobart hukohuko.

Kikwazo ni dizeli, boti hizi zinainywa vibaya mno. Na kusi likichafuka, hata hizo omo kali zitabaki bandarini. Kwa hiyo wabunge wetu wa Meru wakiletewa makadirio ya ulinzi, waulize kwanza: kodi ya mwezi ni shilingi ngapi, mafuta analipa nani, na siku za kusi tunalipia chombo kilichofungwa gatini?