Mvua ni ya Mungu, Tuta ni la Mwenye Shamba

Kila maji yanapowaua watu katika nchi hii, neno la kwanza kutoka vinywani mwa wakubwa ni kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Waombolezaji huitikia amina, maiti huzikwa, faili hufungwa. Nawaomba wasomaji wa jarida hili, hasa ndugu zangu wa makanisani, tusiitikie amina hiyo kabla ya kuuliza: maji hayo yalizuiliwa na nani, na kwa idhini gani?

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo lililokuwa mali ya mtu binafsi lilipasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru. Maji na matope yaliporomoka yakavikumba vijiji vya Energy na Nyakinyua, watu wakiwa majumbani mwao. Watu 48 walikufa. Kamati ya Seneti iliyochunguza msiba huo ilieleza kwamba mabwawa ya shamba hilo yalijengwa bila idhini zinazotakiwa na sheria. Watu tisa, miongoni mwao mwenye shamba na maafisa wa umma, walishtakiwa. Februari 2020 hakimu wa Naivasha aliwaachilia, akiulaumu upande wa mashtaka kwa kutoiendesha kesi. Baadaye Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi huo na kuamuru kesi isikilizwe. Mimi simhukumu mtu. Hiyo ni kazi ya mahakama. Ninachosema ni kwamba bwawa halijengwi usiku mmoja, wala halifichiki chini ya kitanda. Lilionekana na kila afisa aliyepita njia ile.

Tuta la udongo lina maadui wawili wakubwa. Wa kwanza ni maji kupita juu yake. Yakishaanza kumwagika juu ya udongo huukata na kuuchukua, na pengo likifunguka halizibiki tena. Ndiyo sababu bwawa lazima liwe na njia pana ya kutolea maji ya ziada. Adui wa pili ni maji kupenya ndani ya tuta, yakifuata mizizi ya mti au shimo la mnyama, yakibeba udongo chembe kwa chembe hata uwazi mdogo ukawa pango. Mara nyingi dalili hutangulia: ufa, tuta kubonyea, maji ya tope kuchuruzika upande wa chini. Anayekagua huziona. Asiyekagua huja kusema kwamba lilikuwa jambo la ghafla.

Sheria ilikwisha kulijua jambo hili zamani. Mwaka 1868, katika kesi ya Rylands na Fletcher, Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kwamba mtu anayekusanya katika ardhi yake kitu kiwezacho kuleta madhara kikitoroka, huyo atayalipa madhara hayo hata kama hakuzembea. Kitu chenyewe kilikuwa bwawa la mtu binafsi. Lakini mwaka 1876, katika kesi ya Nichols na Marsland, mlango wa kutorokea ulifunguliwa. Bibi mmoja alikuwa na madimbwi ya kupamba shamba lake, yaliyotokana na kijito kilichozuiwa. Mvua kubwa ilinyesha, matuta yakabomoka, maji yakazoa madaraja manne ya umma. Mahakama ikasema mvua ile haikuwa na mfano wake, hivyo ilikuwa kazi ya Mungu, na bibi hakulipa.

Hoja hiyo haipaswi kupata nafasi Kenya ya leo. Mvua kubwa zilitufurikia mwaka 1961, zikarudi 1997, zikarudi 2018, zikarudi 2024. Mgeni aliyekwisha kubisha hodi mara nne hawezi kuitwa mtu asiyejulikana. Anayejenga tuta bila kumwekea nafasi mgeni huyo ameamua mwenyewe ni nani atakayelipia.

Wamarekani walilipia ghali. Huko Pennsylvania, klabu ya matajiri, Andrew Carnegie akiwa mmoja wao, ilimiliki bwawa kuukuu la udongo kwa ajili ya kuvua samaki na kupunga upepo. Mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yameng'olewa zamani, na klabu haikuyarudisha. Ilipunguza kimo cha tuta, tena ikaweka wavu kwenye njia ya maji ya ziada ili samaki wasiponyoke. Tarehe 31 Mei 1889 tuta lilipasuka na kuuangamiza mji wa Johnstown. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Klabu haikulipa fidia hata moja kwa amri ya mahakama. Samaki walilindwa kwa wavu, binadamu wakaachiwa majaliwa.

Msomaji wa Chaani, anayepanga madumu yake kungoja maji ya mfereji, huenda akauliza: bwawa la starehe la tajiri lanihusu nini? Linakuhusu kwa kuwa wewe pia unaishi chini ya mali ya mwingine. Jirani zetu wa Owino Uhuru, hapo Mikindani, hawakupigwa na maji bali na sumu ya risasi kutoka kiwandani, nao walipigania haki yao hadi Mahakama ya Juu, iliyowarejeshea ushindi Desemba 2024. Silaha yao ilikuwa Katiba ya 2010, ile tuliyoidai kwa machozi na mabomu ya kutoa machozi.

Katiba hiyo haikungoji uzike mtu kwanza. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira salama bila kuonyesha kwamba yeyote amekwisha kupata hasara. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari, na sheria ya mwaka 2016 inasema kwamba habari inayohusu uhai wa mtu itolewe katika saa 48. Mwaka 2024 serikali iliwaamuru wakazi waliokuwa karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 wahame kwa saa 24. Ikiwa maskini anaweza kuhamishwa kwa saa 24, mwenye tuta anaweza kuonyesha karatasi zake kwa saa 48.

Basi kila kikundi, kila parokia na kila jumuiya yenye watu wanaoishi chini ya bwawa iandike barua kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji na kwa NEMA, na kudai mambo manne: kibali cha bwawa, ripoti ya athari kwa mazingira, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, na mpango wa kuwaonya watu usiku. Nakala ya barua ibaki kwenu, ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Asiyejibu amejibu, na barua hiyo ndiyo itakayokuwa ushahidi wa kwanza.

Mvua tumwachie Mungu. Tuta tumdai mwenyewe, na tumdai kabla ya masika.