Neema za Viumbe Tusivyoviona

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa vikubwa na vidogo. Katika safu yetu ya familia wiki hii tunavizungumzia viumbe ambavyo jicho haliwezi kuviona, navyo tumezoea kuviita vijidudu kwa lawama. Ni kweli vipo viletavyo kipindupindu na homa ya matumbo. Hata hivyo, vilivyo vingi havitudhuru, na bila ya baadhi yake tusingepata chakula wala afya.

Tuanze shambani. Mkulima wa Tarime aking'oa mche wa maharage taratibu, huona vinundu mizizini, na huenda akadhani ni ugonjwa. Sivyo. Humo huishi bakteria waichukuao naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa lishe ya mmea. Kinundu kikipasuliwa kikaonekana chekundu ndani, kazi inaendelea. Hewa ina naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mahindi, kahawa na migomba haviwezi kuitumia jinsi ilivyo. Vijidudu vingine huozesha majani na samadi, vikairudisha rutuba ardhini. Basi anayechoma mabua kila mwaka huunguza chakula cha watumishi wake mwenyewe.

Twende na mbugani Serengeti. Nyumbu zaidi ya milioni moja huhama kila mwaka wakifuata nyasi, ilhali miili yao peke yake haina uwezo wa kuzivunjavunja nyasi hizo. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu vilivyomo katika tumbo lao la kwanza, kama ilivyo kwa ng'ombe na mbuzi wetu. Hata baharini, viumbe vidogo vielevyo majini hutoa takriban nusu ya oksijeni inayozalishwa duniani.

Sasa tuingie majumbani mwetu. Maziwa ya mama yana aina za sukari ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya. Zimewekwa kwa ajili ya nani? Ni chakula cha bakteria wema wa utumboni mwake, nao huwanyima nafasi wale wa maradhi. Tukumbuke kwamba Suratul-Baqara, aya ya 233, imeutaja muda wa kunyonyesha kuwa ni miaka miwili kamili. Maziwa ya mgando nayo ni kazi ya bakteria, waigeuzao sukari ya maziwa kuwa uchachu. Ila tuyachemshe kwanza maziwa mabichi, yapoe, ndipo tutie mgando kidogo wa kuanzia, kwani ng'ombe aweza kuwa na ugonjwa wa kutupa mimba, ambao humwambukiza mwanadamu.

Neema hii tunaiharibu kwa mikono yetu. Mtoto akipatwa na mafua, mzazi hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vichache vya antibaiotiki bila cheti cha daktari. Mafua huletwa na virusi, ambavyo antibaiotiki haiviui. Inachoua ni bakteria wema, na wale wabaya watakaosalimika huwa sugu. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 walifariki duniani kwa sababu ya bakteria waliozishinda dawa. Nchi yetu nayo iliandaa mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu huo, wa mwaka 2017 hadi 2022.

Wafugaji nao wana sehemu yao. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibaiotiki, maziwa yake yasiuzwe hadi zipite siku alizoelekeza mtaalamu wa mifugo. Kuyauza kabla ya hapo, na mnunuzi hajui, ni udanganyifu katika biashara, hata kama ujazo wa lita umetimia.

Ndugu zetu katika imani, amana haipimwi kwa ukubwa wake. Mabua yaozeshwe, mtoto anyonyeshwe, dawa itumike kwa ushauri wa daktari na kwa siku alizoziandika.

Wabillahi tawfiq.